Kiwanja Chini ya Choo cha Pimbi

Kama umetoka kula sasa hivi, vumilia au sogea nyuma kidogo, maana hadithi hii ina harufu. Na atakayetema mate ateme pembeni, asimrukishie mwenzake.

Kijijini Unyasima, huko Singida kwenye mawe makubwa, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Wa kwanza ni Damari, na lake lilikuwa pua. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukamulia alizeti, na mwenye mashine alikuwa hauzi mafuta mpaka Damari ayanuse kwanza. Lakini pua ile ilikuwa mateso. Nzi akitua kwenye ugali, Damari halali na njaa tu, analala na kichefuchefu. Kikombe alichonywea mtu mwingine hakigusi hata kikioshwa mara saba. Mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanangu, ungezaliwa bila pua ungenenepa."

Wa pili ni Njiku, mponda kokoto, na lake lilikuwa mkono. Nyundo na tindo vikiwa kwake, jiwe linapasuka pale pale anapotaka yeye. Halafu mwembamba, anapenya hata anaposhindwa mbuzi. Alipokuwa mtoto aliugua homa kali, akapona, ila kunusa kukaondoka na homa. Ungemkalisha kando ya mzoga, angekuuliza kama chai imeiva.

Wa tatu ni Sikitu, binti wa hapo hapo Unyasima, na lake lilikuwa jicho. Alisoma hadi chuo kikuu mambo ya ardhi na tabia ya nchi, jinsi mvua na ukame vilivyokuja na kuondoka kabla ya babu zetu. Mahali ambapo wewe na mimi tunaona uchafu, Sikitu anaona mistari, na kila mstari una habari zake.

Sasa sikilizeni kilichowakutanisha. Chini ya kijiji palikuwa na bonde jeupe, tambarare, ambalo zamani lilikuwa Ziwa Nkese. Lilikauka miaka sitini iliyopita, na waliowahi kuvua humo wengi wako kaburini. Kule juu makorongo yalikuwa yanakula viwanja, choo cha huyu kimeegemea jiko la yule. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sirya, na kamati yake wakaamua: kijiji kihamie bondeni, shule ianze, soko lifuate. Damari hakungoja. Harufu ya vyoo vya majirani ilikuwa imemshinda, akajenga vyumba viwili huko bondeni, akahamia na mama yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alivuta pumzi bila kuziba pua.

Ndipo Sikitu akaja likizo, akaukuta mkutano wa kijiji, akanyoosha mkono.

"Wazee wangu, kabla hamjajenga shule, tumuulizeni pimbi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakohoa. Pimbi unamjua, kale kanyama ka kwenye mawe, kama sungura aliyekatwa masikio. Sikitu akangoja wamalize kucheka, akaeleza. Pimbi hajisaidii ovyo. Ana mahali pake, ndipo pa baba yake, ndipo pa babu wa babu yake, maelfu ya miaka. Mkojo unakauka, unakuwa mweusi na mgumu kama lami, tabaka juu ya tabaka. Upepo unaleta chavua, ule unga wa maua ya mimea, inanasa humo. Ziwa likiwa karibu, inanasa chavua ya matete. Ziwa likiondoka, matete yanakoma.

"Kwa hiyo tunakwenda kusoma choo?" Damari aliuliza, mkono tayari uko puani.

"Tunakwenda kusoma choo, dada yangu. Na bila pua yako hatukipati."

Aka! Damari alitaka kukataa. Lakini ilikuwa nyumba yake iliyokuwa bondeni, na mama yake ndiye aliyelala humo, miguu yake imevimba, hawezi kumkimbia hata kuku. Alitaka kujua. Kesho yake asubuhi alijifunga kanga mbili usoni akapanda mwamba, Sikitu mbele, na nyuma Njiku, aliyeitwa kwa ajili ya kupasua jiwe.

Mwamba mzima ulikuwa na michirizi ya mikojo, juu, chini, kushoto, kulia. Sikitu alisema mingi ni ya juzi juzi, na mvua huiosha. Anayoitaka yeye ni ya kale, iliyojificha pakavu. Pa kuitafutia palikuwa na nyufa zaidi ya mia. Damari akafungua kanga. Akanusa ufa wa kwanza, akatapika. Akanusa wa pili, akatapika. Kufika wa kumi hakuwa na kitu tumboni ila nyongo, macho mekundu, na bado anainama ananusa. Kwenye ufa wa thelathini na kitu akasimama.

"Hizi nyingine zote zinachoma kama mkojo wa mtoto," alisema. "Humu iko nyingine nyuma yake, kuukuu. Kama sukari guru iliyoungua, imechanganyika na beberu. Ptuu! Mungu anisamehe, na mtoke mbele yangu."

Bila Damari, ufa ule ungebaki ufa tu.

Mashine ndogo ya kukatia ya Sikitu ilizimika kabla haijaingia hata nusu. Njiku akavua shati, akalala kifudifudi juu ya mavi mabichi, akaingia na tindo lake, kupe wanamtambaa shingoni. Humo ndani mtu mwenye pua asingemaliza dakika mbili, yeye alikaa saa tatu, akiimba. Alikata taratibu tabaka zisivunjike, akatoa bonge jeusi kama mkate, linang'aa. Alipokuwa anageuka, jiwe la dari likateleza likamkalia mguu. Wenzake walisikia mfupa ukivunjika. Wakamshika mikono wamvute, akapiga kelele, "Chukueni hili kwanza! Likivunjika nimelala kwenye mavi bure!" Walipokea bonge kwanza, kisha Njiku. Mguu haukurudi kuwa mguu tena.

Bila Njiku, lile bonge lingebaki ndani ya mwamba.

Sikitu akalipeleka bonge mjini, maabara. Miezi kumi alilikata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, akaviangalia kwenye hadubini kimoja kimoja, akahesabu chembe za chavua mpaka akawa anaziona hata akifumba macho. Harufu ilimwingia kwenye nywele, ikakataa sabuni. Alikuwa ameposwa, shangazi wa mchumba walipokuja kumtazama, walikaa dakika tano, wakaangaliana, wakakumbuka wana safari. Posa ikafa hapo hapo. Sikitu alilia siku moja, siku ya pili akarudi kwenye hadubini.

Bila Sikitu, bonge lingekuwa mkojo tu.

Akarudi Unyasima, mkutano ukaitwa. "Ziwa Nkese halijafa," alisema. "Kabla ya ukame huu, limeondoka mara tano na kurudi mara tano, na kila mara lilirudi kwa haraka, hadi miguuni pa mwamba. Siwezi kuwatajia mwaka. Lakini bondeni msijenge shule."

Mzee Sirya akasimama, tumbo mbele. "Jamani, tuahirishe maendeleo kwa sababu ya mkojo wa pimbi? Kuna mtu hapa anaamini mkojo?"

Kicheko kikaanza upya. Damari akainuka. Aliijua harufu ya chumba cha mkutano, jasho na ugoro, na alijua wote wanamtazama kwa sababu ndiye mwenye nyumba huko.

"Mimi naamini," alisema. "Nyumba ya kwanza bondeni ni yangu. Kama mwenye nyumba anawaambia msijenge, ninyi msio na nyumba mnabishia nini?"

Mkutano ukakubali shingo upande. Shule ikajengwa juu, kwa kubanana na makorongo. Mwaka mmoja ukapita watu wakinung'unika. Mwaka wa pili mvua za masika zikaja zisiondoke, na mchana mmoja wanafunzi wakiwa darasani waliona bonde linang'aa. Maji yalikuwa yanapanda bila makelele. Damari alikuwa amekwisha kumtoa mama yake kwa mkokoteni. Akasimama mlangoni pa shule akaangalia kuta za nyumba yake kule bondeni zikilowa, zikilainika, zikikaa chini. Watoto mia mbili na kumi walikuwa nyuma yake, wakavu.

Kijiji kikashukuru. Kwa kushukuru, mkutano ukaamua kuwapa wale watatu kiwanja, na Mzee Sirya huyo huyo ndiye aliyetangaza, kana kwamba pimbi alimnong'oneza yeye. Alisema ni kiwanja kimoja. Hakigawanyiki, ni upana wa nyumba moja tu, na ndicho cha mwisho kilichobaki juu. Vingine vyote vizuri vilikuwa vimekwisha kugawiwa, na ukiuliza kwa nani, uliza shemeji zake. Wakapelekwa kukiona.

Damari alianza kutapika kabla hawajafika. Kiwanja kilikuwa chini ya ule ufa. Chemchemi ndogo pembeni, ndiyo, na mwamba unaokinga upepo, lakini juu yake pimbi wamejipanga, na michirizi inashuka hadi pale ambapo mtu angeweka mlango.

"Hiki ndicho mlichotuona tunastahili?" aliuliza alipoweza kusema. "Mwenyekiti, nimenusa nyufa thelathini na kitu. Hakuna uliokuwa na harufu kama yako leo."

Watu waliguna. Mzee Sirya akatabasamu, meno yote nje. "Asiyekitaka aseme. Nani anakitaka?"

Njiku akapiga hatua kwa mkongojo. "Dada, usikasirike. Mimi hapa sisikii harufu yoyote. Tangu mguu huu, kuteka maji ni kutambaa. Chemchemi iko mlangoni. Kati yetu watatu, nani anaweza kuishi hapa akala akashiba? Ni mimi. Na mguu niliuacha hapo juu, nani atanikataza kukaa nao?"

Sikitu naye akasema, macho chini, "Kaka Njiku, utapika. Moshi wa jiko lako utaingia ufani na kuharibu tabaka. Mimi nimesoma bonge moja tu. Lililobaki humo ni la kale zaidi, na ndilo litakalotuonyesha maji haya hukaa miaka mingapi kabla ya kuondoka. Watoto wale watataka kujua. Kikiwa changu, hapatajengwa nyumba. Nitazungushia uzio, basi. Sikuolewa kwa ajili ya choo hiki, na sasa mkivunje?"

Damari hakuwa na hoja. Alikuwa na mama, amekaa kwenye mkokoteni, ambaye kwa miezi minne sasa analala kwenye stoo ya mashine ya alizeti kati ya magunia, na stoo inatakiwa mavuno yakija. Mama akamvuta kanga.

"Mwanangu, andikisha. Mimi pua yangu imezeeka."

"Mama, mimi nitaishije hapa?"

"Kama ulivyonusa siku ile. Utatapika, halafu utainama tena."

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema kidole kimoja hakivunji chawa, wote watatu ni sawa. Mwingine akamjibu kwamba chawa ameshavunjwa, kinachotafutwa ni atakayelala kwenye shuka. Wakagombana mpaka jua likaanza kushuka. Mzee Sirya akachoka, au alijifanya amechoka. Akatoa karatasi ya kiwanja, mahali pa jina pako wazi.

"Hatutaki lawama," alisema. "Damari ndiye mwenye pua, ndiye aliyepaona. Aandike yeye jina moja. Jua likizama hapajaandikwa kitu, kiwanja kinarudi kwa kamati."

Shemeji yake mmoja alikuwa amesimama nyuma yake, na utepe wa kupimia mkononi.

Damari akapokea karatasi. Kalamu ilikuwa na jasho la Mwenyekiti, akaifuta kwa kanga mara tatu. Kushoto kwake Njiku ameegemea mkongojo. Kulia kwake Sikitu, nywele zake bado zinanuka. Mbele yake mama yake, miguu imevimba. Juu ya wote pimbi mmoja akatoka ufani, akawaangalia, akageuza makalio, akafanya kama alivyofanya babu yake. Tone likaangukia pembeni mwa karatasi.

Damari akainama, akaweka kalamu palipo wazi.

Haya, nyote mliokuwa mmeziba pua, ziachieni. Jua limebakiza kiganja kimoja. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili uliowaacha, kesho asubuhi ungewaambia nini?