Pimbi, Kiboko na Kanuni ya Arobaini na Moja

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa gani hiyo, kama watu waliotoka kikaoni? Itikieni vizuri. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Palikuwa na chuo kikuu cha wanyama, na chuo kilikuwa na Mlezi wa Wanafunzi, Mzee Kiboko. Kazi yake ilikuwa nidhamu. Mapenzi yake yalikuwa chakula. Basi akavichanganya.

Kanuni ilisema mwanafunzi asipike bwenini. Sawa. Kiboko akawa anapita vyumbani, puu, puu, puu. Akikuta sufuria: "Kosa. Lete hapa." Chakula tumboni, sufuria inarudi tupu. Wanafunzi wakaanza kula vya baridi. Akahuisha kanuni: hata cha baridi ni kosa. Wakala ndizi. Akahuisha tena: hata ndizi. Puu, puu, puu. "Kosa. Lete hapa." Jamani, kila kukicha kanuni mpya ubaoni! Ya jana hujamaliza kuisoma, ya leo imebandikwa juu yake. Hata mimi ninayesimulia nimechoka.

Sasa palikuwa na Pimbi, mdogo wa umbo, mwaka wa mwisho, mwakilishi wa wanafunzi. Alikuwa amekamatwa mara mbili, zote kwa maharage ya nazi. Na angefanyaje? Bwalo la chuo lilitoa uji asubuhi, uji mchana, na jioni lawama. Kwao, mama yake alishawaalika majirani waje kumwona mwanawe akivaa joho. Ndipo Pimbi akasikia kwamba Kiboko anapeleka kikaoni kanuni ya arobaini: kosa la tatu, kufukuzwa chuo. Akakasirika mpaka masikio yakamcheza.

Siku ya kikao, Tembo, Mkuu wa Chuo, alikalia kiti. Bi Korongo aliandika kumbukumbu. Na desturi ya pale ilikuwa moja: chai haimiminwi mpaka ajenda ziishe. Kanuni ya arobaini ikapita. Mara sambusa zikaingia, za moto, zinanukia chumba kizima.

Hapo Pimbi akanyoosha mkono. Alikuwa na nyongeza ndogo. Akaisoma polepole: kitakachokamatwa kiletwe mbele ya kamati kikiwa kizima, kiwe kidhibiti, yaani ushahidi wa kosa, na atakayekula kidhibiti, adhabu ya mshitakiwa iwe yake.

Tembo akauliza nani anaunga mkono. Kiboko macho yalikuwa yameganda kwenye sinia la sambusa, tumbo linanguruma gru, gru.

"Naunga mkono," akasema. "Ipite, chai inapoa."

Ikapita.

Kesho yake Pimbi akapika maharage ya nazi, mlango wazi. Alijua anabahatisha: Kiboko akijizuia siku ile moja tu, joho limekwenda. Puu, puu, puu.

"Kosa. Na la tatu hilo. Lete hapa."

"Shikamoo, Mlezi. Kidhibiti hicho."

"Marahaba. Naonja tu, nihakikishe ni maharage."

Akahakikisha. Akahakikisha tena. Akahakikisha mpaka mwiko ukakwaruza sufuria, kwaru, kwaru.

Alhamisi kamati ikakaa. Kiboko akaweka sufuria mezani, akaomba Pimbi afukuzwe. Tembo akachungulia ndani, akauliza maharage yako wapi. Bi Korongo akafungua daftari, akasoma kanuni ya arobaini na moja, yote. Kiboko akafura. Akataka kujua ni mjinga gani aliyepitisha upuuzi kama huo.

Bi Korongo akashuka mstari mmoja.

"Mtoa hoja, Pimbi. Muungaji mkono, Mlezi wa Wanafunzi."

Kiboko akafungua mdomo. Kisha tumbo likajibu: gru.

Kiboko akafungasha virago siku hiyohiyo. Mpaka leo yuko mtoni, maji mpaka puani. Watu husema anakwepa jua. Jua gani! Anaona haya. Pimbi naye akavaa joho. Lilikuwa refu, akalikanyaga mara mbili jukwaani, na mama yake akapiga vigelegele hivyohivyo.

Funzo lake, wanangu: heshimuni kanuni za chuo, kwa sababu hutungwa na wakubwa wanaozisoma kwa makini hadi mwisho. Wala msipike bwenini, ni kosa. Mkipika, acheni mlango wazi.

Hadithi yangu imefika ajenda ya mwisho. Ikiwa njema, gawaneni. Ikiwa mbaya, ileteni kikaoni tuihuishe, ila nipeni chai yangu kwanza.