Debe Moja la Sultani Daraimu

Hapo zamani, magari yalipokwisha kuzaliwa na masultani walikuwa hawajamalizika, palikuwa na Sultani katika mji wa Shungi, jina lake Daraimu, mtu wa tumbo kubwa na mkono wa birika. Alitaka gari, lakini hakutaka kulilisha. Basi akaja tajiri mmoja muuza magari, akiitwa Khelefu, akamwonyesha gari dogo jekundu, akaapa mbele ya baraza kwamba debe moja la petroli lingelifikisha toka kasri mpaka shamba la Bungala na kulirudisha, tena mafuta yabaki. Sultani akamkumbatia, na gari akalinunua siku ile ile.

Lakini Sultani hakuwa mtu wa kupanda gari kama watu. Juu ya paa alifunga kiti chake cha enzi, kwa kuwa hakuweza kukalia kiti cha mtu mwingine huko aendako. Nyuma walipanda mpishi na masufuria yake, mpiga zumari, na mbuzi wa kuchinjwa. Kipoza hewa kiliwashwa mpaka mwisho na madirisha yakafunguliwa yote: kipoza hewa ili asitoke jasho, madirisha ili raia wamwone hatoki jasho. Kila alipoona mtu wa kumsalimu aliamuru gari lisimame, likae likinguruma mpaka maamkizi yaishe, na maamkizi ya Sultani yule hayakuwa mafupi. Sijui alidhani petroli inakwenda wapi.

Ikawa siku moja, wageni wakimngoja Bungala, gari likazimika chini ya mlima. Tangi limekauka. Sultani akashuka, macho yamemwiva, akamkaba kanzu dereva wake, mtu mpole aliyeitwa Msellem.

"Umeninyonyea mafuta!"

"Maulana, sijanyonya hata tone. Gari limeyatumia lenyewe."

"Khelefu ameapa debe moja latosha kwenda na kurudi, nawe hata kufika hujafika. Basi mmoja wenu ni mwongo, na Khelefu ni tajiri."

Hukumu ikaishia hapo. Msellem akatiwa pingu, na mbiu ikapigwa mji mzima kwamba ameiba mafuta ya Sultani na kwamba Ijumaa atakatwa mkono. Mkewe, Mwanakheri, alipokwenda sokoni wauzaji wakafunika vikapu vyao. Posa ya binti yao ikavunjwa.

Jirani yao alikuwa fukara mmoja aliyeitwa Mwinchande. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa kila neno alilishika vile vile lilivyosemwa. Mwanakheri akamwendea akilia.

"Kaka Mwinchande, mkono wa mume wangu unakwenda hivi hivi!"

Mwinchande, ambaye si mtu wa hasira, siku ile alikasirika hasa. "Nyamaza, shemeji. Nitakwenda mimi na akili zangu hizi mbovu."

Akaenda barazani, akainama, akasema, "Maulana, mimi nitalifikisha gari lako Bungala kwa debe moja. Nikishindwa, nikatwe mkono pamoja na Msellem. Nikifaulu, utamwona mwizi wako kwa macho yako. Sharti langu moja tu: nisafiri kama alivyosafiri Bwana Khelefu alipopima, wala asitokee wa kunizuia."

"Naapa kwa kilemba changu," akasema Sultani. "Atakayekuzuia, hata nikiwa mimi, ni mwongo mbele ya raia."

Basi Mwinchande akamgeukia Khelefu, aliyekuwa amekaa pale barazani, kwa adabu nyingi. "Bwana tajiri, siku ya kupima ulikwendaje?"

Khelefu akatunisha kifua. "Niliendesha mwenyewe, peke yangu, katika uwanja wangu ulio tambarare kama sinia. Madirisha nimeyafunga, kipoza hewa nimekizima. Nilikwenda mwendo wa bibi harusi, wala sikusimama mahali."

"Hukubeba kitu?"

"Hata kofia niliivua."

"Ahsante. Ndivyo tutakavyokwenda."

Asubuhi yake watu wakajaa mbele ya kasri. Mwinchande akamimina debe moja wote wakiona, kisha akapanda juu ya paa akakifungua kiti cha enzi. Akamshusha mpishi na masufuria yake, akamshusha mpiga zumari. Mbuzi akashuka mwenyewe, tena kwa furaha. Sultani akabaki nyuma peke yake, amejitandaza.

"Shuka, Maulana."

"Mimi?"

"Khelefu alikuwa peke yake. Au tuseme ametudanganya?"

Sultani akawatazama raia, na raia wakakitazama kilemba alichoapia. Akashuka.

Gari likaenda mwendo wa bibi harusi, na Sultani nyuma yake kwa miguu, akisonya, maana alitaka kuhakikisha mwenyewe kwamba petroli haiongezwi njiani. Watu walimwamkia pande zote mbili asiweze kusimama kuwajibu, na vumbi lote la mji wake akalimeza siku ile. Walipofika chini ya mlima, Mwinchande akazima injini, akafungua mlango.

"Maulana, uwanja wa Khelefu hauna mlima, kwa hiyo petroli yake mlima haiujui. Huu ni wetu."

"Maana yake nini?"

"Sukumeni."

Khelefu aliyekuwa amekuja kutazama akaanza kurudi nyuma. "Maulana, mimi mtu wa biashara, mgongo wangu..."

"Sukuma!" Sultani akanguruma.

Wakasukuma, Sultani na tajiri bega kwa bega, na mpishi nyuma yao. Kanzu ya hariri ikachanika, viatu vikabaki njiani, na raia waliofuata wakaziba midomo yao kwa vilemba na kanga. Walipofika kileleni, penye lango la shamba la Bungala, Mwinchande akafungua tangi, akamwita Sultani achungulie. Petroli ilikuwamo, tena si haba.

"Limefika, Maulana. Khelefu ni mkweli: gari lake halinywi kabisa, maadamu halibebi mtu wala haliendi popote. Tulichokishusha asubuhi, na mlima tulioupanda kwa mabega, ndivyo vilivyokuwa vikikunywea mafuta. Msellem leo yuko kifungoni. Je, yeye amekuibia lini?"

Sultani akakaa chini kwenye majani, akihema. Alitaka kukasirika, lakini akamwona Khelefu amelala chali akiomba maji, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Mwinchande, lichukue gari hili. Ni lako."

"Gari, Maulana? Mimi fukara, sina watu wa kulisukuma. Nataka mbiu. Mbiu ya kumwita Msellem mwizi ilipita kila mtaa. Ya kumsafisha nayo ipite kila mtaa, na aipige yule aliyehukumu."

Hapo Sultani akaacha kucheka. Akatazama huku na huku, lakini katika raia hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Jioni ile Sultani Daraimu akazunguka Shungi miguu mitupu, pembe ya mbiu mkononi, na Msellem kando yake hana pingu. Alipofika mlangoni kwa Mwanakheri sauti ilikuwa imemkauka, akataka kupita kimya kimya, Mwinchande akamshika mkono akamwambia hapa ndipo hasa. Basi Sultani akapiga pembe, akavuta pumzi, akalia kwa sauti yote aliyobaki nayo:

"Enyi watu wa Shungi! Msellem hakuiba! Mafuta nimeyanywa mimi!"