Waridi la Kwemhosi

"Asiyeshuka hapandi." Ndivyo alivyowajibu yule bwana mliyemcheka barabarani kwa kukokota baiskeli yenye matairi mazima na kapu kwenye usukani. Mmecheka weee, kisha mmekuja kuniuliza alikuwa na maana gani. Tulieni basi niwaeleze usemi huu ulivyozaliwa. Aliyeuzaa alikuwa mtu wa mtaa huu huu, na kwa kiburi aliwashinda nyote.

Aliitwa Hoza, fundi wa baiskeli hapa hapa Mombo, chini ya milima. Kwenye kupanda baiskeli hakuwa na mwenzake. Wengine wakifika kwenye kona kali za mlima hushuka wakakokota. Hoza hakushuka. Alisimama juu ya pedali, akahema, akafika. Simnyimi haki yake, maana mlima ule si mchezo. Ila sifa zilikwisha kumlevya, na aliwahi kuapa mbele za watu kwamba siku akionekana anakokota baiskeli wamzike nayo.

Mama yake, Mwanamkuu, alikuwa akipoteza macho. Daktari alisema mwaka hautaisha kabla hajaingia gizani. Yule mama hakulia. Aliomba kitu kimoja tu.

"Kule mlimani Kwemhosi nilikozaliwa," alimwambia mwanawe, "kwa Bi Nambea, kuna waridi jeupe. Niletee mche nipande hapa mlangoni. Nataka nilione likichanua mara moja. Baada ya hapo litanitosha kwa harufu."

Vuli ilipoanza kunyunyiza na vumbi kutulia, Hoza aliwaita rafiki zake wawili, Singano muuza maziwa na Zahara mshona nguo. Walitoka asubuhi na mapema, baiskeli tatu zikifuatana. Kwenye kona ya kwanza Singano na Zahara walishuka. Hoza aliwapigia kengele, akapita, na walipofika Kwemhosi walimkuta amekwisha kukauka jasho.

Nao wote watatu walisimama mlangoni pa bustani ile wakaitazama. Bi Nambea alikuwa ameilima miaka arobaini kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza. Alikuwa ameukata ngazi kwa ngazi, na kila jiwe la kuzuia udongo alilibeba yeye. Mfereji mwembamba ulishuka toka tuta hadi tuta, kingoni mwake yungiyungi, juu yake mipeasi imejaa maua meupe na nyuki wanavuma. Zahara alivua viatu, akasema hapa hapakanyagwi hivi hivi. Hoza, ambaye hakuwahi kusifu kitu kisicho na magurudumu, alijikuta anaona fahari kwamba mama yake alizaliwa karibu na mahali kama hapo.

"Shikamoo, bibi," alisema, akaeleza shida yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwanamkuu namkumbuka. Bahati yako imebaki miche miwili, mingine imeuawa na mvua ya mawe." Aliung'oa mmoja taratibu na bonge lake la udongo, akaufunga kwa majani ya mgomba. "Mizizi yake bado michanga. Udongo ukiachia, mche umekufa. Kwa hiyo njiani ushuke. Umenisikia? Ushuke."

"Nitashuka, bibi," alijibu Hoza, huku moyoni akicheka. Nyumbani kwao si bondeni? Angefikaje bila kushuka?

Aliufunga mche kwenye keria kwa mpira, akaachia breki. Alishuka mlima kama jiwe, akirushwa na kila shimo na kila mzizi wa barabara ile. Alipofungua majani mlangoni kwa mama yake, udongo wote ulikuwa umemwagika. Mama aliipapasa mizizi mikavu, akasema, "Ahsante, mwanangu." Ahsante ile ilimuuma Hoza kuliko matusi. Waliupanda hivyo hivyo. Siku ya nne majani yote yalikuwa chini.

Alirudi Kwemhosi, na rafiki zake hawakumwacha. Bi Nambea alimtazama kabla hajasema lolote.

"Mche umekufa."

"Umekufa, bibi."

"Si nilikuambia ushuke?"

"Nilishuka! Waulize hawa. Nilishuka mlima mzima sikugusa breki."

Bi Nambea alishika kiuno, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. "Iliyoshuka ni baiskeli, mjukuu wangu. Wewe ulibaki juu yake." Kisha kicheko kikamwisha. "Umebaki huu mmoja, na mwingine ni hadi vuli ijayo. Macho ya mama yako yatangoja?"

Hoza alijua hayatangoja. Aliupokea mche kwa mikono miwili, akauweka ndani ya kapu alilofunga kwenye usukani, akashika baiskeli na kuanza kutembea. Zahara na Singano hawakubeba kitu, lakini nao walishuka, wakakokota naye.

Ilikuwa siku ya gulio, na barabara nzima ilimjua. "Hoza, pancha?" "Hoza, umezeeka lini?" "Leteni jembe, tumzike, aliapa mwenyewe!" Mwanzoni alijibu, baadaye akaacha. Penye mawe aliinyanyua baiskeli nzima nzima. Singano aliniambia hajawahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu Hoza siku ile, na Singano hakuwa mwepesi wa kusifu.

Walifika jua likiwa limeinama. Mama alikuwa mlangoni, uso umeelekea barabarani.

"Nani? Hoza? Mbona sikusikia kengele?"

"Nimeshuka, mama."

Alimpa mche. Mama aliupapasa, akakuta bonge la udongo zima na lina unyevu wa Kwemhosi. Hapo ndipo alipolia. Hoza alipiga magoti kwenye tope, mbele ya majirani waliokuja kumcheka, akafukua shimo kwa mikono yake. Mama akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Ndivyo ilivyo, baba," alisema. "Asiyeshuka hapandi."

Waridi lilichanua kabla masika hayajaanza. Mwanamkuu alikuwa amebakiwa na weupe tu machoni, lakini waridi nalo lilikuwa jeupe, na alisogeza uso mpaka pua ikaligusa. "Naliona," alisema, na Hoza akaamini. Tangu hapo akiona mtu anakokota baiskeli hakumuuliza kama ana pancha. Alimpisha.

Sasa niambieni. Yule bwana mliyemcheka, mlitazama ndani ya kapu lake? Hamkutazama. Basi mkimbilieni kabla hajafika kilimani, mkamtake radhi, mkamsaidie kukokota. Asiyeshuka hapandi.