Karatasi ya Uji

Mnaosinzia kanaweni uso kabisa, maana hadithi hii mwisho wake sina mimi. Mtanipa nyinyi.

Palikuwa na mwalimu wa Uraia, Mwalimu Kabula, katika shule ya kata moja huko Usukumani. Jina la kata nalihifadhi, wenyewe wasije wakanichongea. Mwalimu huyu hakutaka wanafunzi wa kukariri. Ukimuuliza jambo hakujibu, alikurudishia mwenyewe: "Fikiri mwenyewe." Kidato cha Tatu walishamchoka. Mwaka huo akawapa kazi badala ya insha. Tafuteni, akasema, uamuzi mmoja wa viongozi wetu wa hapa mnaoona hauko sawa, mfuate njia za halali mpaka ubadilike.

Watatu wakachagua dampo. Halmashauri ilikuwa imepitisha kwamba taka za mji mzima zimwagwe nyuma ya shule, karibu na kisima wanachochota wanafunzi. Na watatu hao kila mmoja alikuwa na chake. Limi alikuwa na macho, hakuna maandishi yaliyompita. Mhoja alikuwa na masikio, angekusikiliza mpaka useme hata ulilotaka kuficha. Nyanzobe alikuwa na ulimi usiojua kupinda. Baba yake ndiye aliyekuwa mtendaji wa kata.

Limi akaanza. Aliomba jalada la dampo ofisini, akarudishwa mara tatu, mara ya nne akapewa alisomee pale pale dirishani. Ndani akakuta ridhaa ya wazazi yenye muhuri wa mtendaji, saini mia na kumi na mbili. Mwingine angelifunga akaenda zake. Yeye alinakili majina yote kwenye daftari, na la arobaini na moja lilikuwa dole gumba la bibi yake, ambaye habari za dampo hajazisikia. Akaenda kumuuliza.

"Mwaka huu nimeweka dole mara moja tu," bibi akasema. "Siku ya kikao cha uji wa shule."

Kumbe ilikuwa karatasi ya mahudhurio. Watu waliandika majina kuonyesha wamefika kwenye kikao cha uji, wakageuzwa wamelikubali dampo.

Lakini bibi mmoja ni bibi mmoja. Mhoja akalichukua lile daftari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kufika nyumba ya thelathini akagundua anakosea: alikuwa anauliza, "Si kweli mlidanganywa?" na kila mtu anaitikia ndiyo. Akayafuta majibu yote, akarudi nyumba ya kwanza na swali jingine: "Hapa ulisaini nini?" Wiki mbili, na soli za viatu zikaisha. Tisini na wanne walisema uji, wanane walisema hawakumbuki, kumi hakuwapata. Akaandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi.

Siku ya kikao cha madiwani watatu wakayapeleka maandishi yao, mwenyekiti akayasoma yote kisha akavua miwani. "Karatasi ya mtendaji ina muhuri," akasema. "Yenu ina maneno ya watu. Ukurasa wa kwanza, wenye kichwa cha kikao, uko wapi?"

Haukuwemo kwenye jalada. Ila Nyanzobe alijua ulipo, maana aliuona nyumbani kwenye makaratasi ya baba yake. Siku mbili kabla alikuwa amemfuata Mwalimu Kabula nyuma ya darasa. "Mwalimu, kama ushahidi uko kwetu, nifanyeje?" Na mwalimu, mikono imejaa madaftari ya kusahihisha, akamjibu kwa mazoea: "Fikiri mwenyewe."

Akafikiri. Akasimama mbele ya madiwani, baba yake ameketi safu ya pili, akautoa ule ukurasa kwenye daftari lake. Juu yake paliandikwa *Kikao cha Uji*, kwa mwandiko wa mtendaji.

Dampo likasitishwa. Kibarua cha mtendaji kikaota nyasi. Nyanzobe akahamia kwa shangazi yake, na baba yake akiulizwa ana watoto wangapi, anahesabu pungufu ya mmoja.

Bila Limi, nani angejua? Bila Mhoja, nani angeamini? Bila Nyanzobe, nani angeshinda?

Sasa sikilizeni kilichomkosesha mwalimu hamu ya kula. Halmashauri ilileta barua kwamba kamati ya kutafuta mahali pengine pa dampo itakuwa na kiti kimoja cha mwanafunzi, na mwanafunzi huyo atapiga kura kama mkubwa yeyote. Mwalimu Kabula alete jina moja kabla ya Ijumaa.

Jumatano akaja baba yake Nyanzobe. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, ukimwandika mwanangu, watu watasema aliniuza apate cheo. Usipomwandika, basi aliniuza bure. Hata sijui nikuombe lipi." Akageuka, akaondoka.

Alhamisi mwalimu akawaita wote watatu.

"Kamati huletewa makaratasi," Mhoja akasema. "Mpe Limi. Yeye hasaini asichokisoma."

"Dampo litaenda kwa watu wengine," Limi akasema, "na hao nao watataka wa kuwasikiliza. Mpe Mhoja."

Hakuna aliyemtaja wa tatu. Mwalimu akaliona hilo, likamchoma, maana kazi aliitoa yeye na jibu lile la nyuma ya darasa alilitoa yeye. Akamgeukia. "Na wewe Nyanzobe, unasemaje?"

"Fikiri mwenyewe, Mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali ingekuwa kejeli.

Ijumaa ikafika, barua iko mezani, na pale pa jina pako wazi. Msiniambie awaandike wote watatu, kiti ni kimoja. Wala msiniambie arudishe barua tupu, dampo litapelekwa kwa watu na shule haitakuwa na kura. Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, kalamu ishike wewe. Je, ungeandika jina la nani, na wale wawili wasioandikwa ungewatazamaje usoni?