Chetezo cha Siwema na Wali wa Mzimu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na moshi!
Moshi umekwenda wapi?
— Umepanda kwa waliotutangulia!

Basi sogeeni, wa nyuma asije akasema sikusikia.

Hapo zamani, siku ile mbele ya pango la mji walikuwapo hawa: Siwema, na mwanawe Sikudhani mgongoni. Bi Kijoli, jirani yake, aliyembebea chungu. Jumbe Mwidani, mwenye mji. Na watu wote, wameketi mikekani. Mwinyikombo hakuonekana. Yeye alikuwa ndani ya pango, maana ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuingia.

Ilikuwaje wakafika hapo? Nawaambieni.

Mwinyikombo alikuwa mlinzi wa pango. Mzimu ukisema, anayesikia ni yeye. Mzimu umekataa posa ile. Mzimu unataka shamba lile apewe Jumbe. Mzimu unataka mchele na kuku, wala msipike ninyi, atapika mlinzi. Nani abishane na mzimu? Jumbe akanenepa. Mwinyikombo akanenepa. Mzimu wenyewe hakuna aliyeuona ukinenepa.

Kisha Mwinyikombo akataka vyetezo, vyombo vya kufukizia ubani. "Mzimu hautaki moshi mwingine mjini," akasema. Watu wakapeleka vyetezo vyao pangoni.

Siwema hakupeleka. Kila alasiri, mtoto akinyonya, yeye hutia chembe ya ubani katika chetezo cha udongo alichoachiwa na mama yake. Moshi hupanda, macho huwa mazito, na marehemu mama huja. Hukaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mjukuu kisigino. Hasemi mengi. Siwema akizinduka, kisigino cha mtoto kina joto.

Mwinyikombo akaja mlangoni.

"Kilete, binti."

"Baba, hii ndiyo njia ya mama yangu."

"Mama yako ana lipi la kukwambia, na mimi nipo? Siku tatu. Usipokileta, uhame mji na mtoto wako."

Siwema akalia. Bi Kijoli akaja na uji, akampokea mtoto.

Alasiri ile Siwema akafukiza. Moshi ukawa kama maji, mama akapita ndani yake bila kukanyaga chini. Akatia kidole katika chungu cha wali, akaonja, akacheka. "Umesahau nilivyokuwa nikiwapikia wazee wetu waliotangulia?" Akayeyuka.

Siwema akaamka anacheka. Akaenda kwa Jumbe. "Chetezo nitakitoa. Ila siku hizi tatu niupikie mzimu kwa mkono wangu." Jumbe akaona si neno.

Siku ya kwanza akapika wali wa nazi. Mwinyikombo akaupokea, akaingia nao.

Siku ya pili wali na kuku. Ukasikika mguno: "Mmh!"

Siku ya tatu, ndiyo siku ile, akapika pilau. Mara sauti nene ikatoka pangoni:

"Mpishi gani huyu? Siku tatu wali umepooza! Lete chumvi!"

Watu wakatazamana. Nanyi mnajua, chakula cha mzimu hakitiwi chumvi. Hata mtoto anayetambaa anajua.

"Mzimu gani huo wa kula chumvi?" akauliza Bi Kijoli.

"Na pilipili!" ikajibu sauti.

Lo! Kicheko kilichoanguka hapo! Jumbe akawa anachokonoa ukindu wa mkeka. "Na shamba langu, Jumbe, alilitaka huyuhuyu?" mtu akauliza.

Mwinyikombo akatoka, wali mkononi. Watu wakainuka na fimbo. Siwema akasimama kati yao. Akafungua pindo la kanga, akatoa chumvi, akamnyunyizia sahanini.

"Kula, baba. Siku tatu hujala vizuri."

Mwinyikombo akala, machozi yanamtoka. Alipomaliza, akavitoa vyetezo kimoja kimoja, kila mtu akashika chake.

Hadithi yangu imeketi. Ikiwa tamu, wapelekeeni watoto. Ikiwa imepooza, tieni chumvi wenyewe.

Na Mwinyikombo? Mwaka ule alipika wali wa harusi tano, na chumvi akatia.