Nani Aingie kwa Mzee Otmari?

Sogeeni, msikilize kama watu watakaoulizwa. Mwisho wa kisa hiki mimi nitanyamaza, mtasema ninyi.

Makambako, mji wa baridi, kulikuwa na watu watatu walioishi kwa bidhaa, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Tweve, aliyeagiza mizigo kutoka ng'ambo, alipata habari za kiwandani kabla ya mtu mwingine yeyote mkoani. Aidani, fundi wa umeme, alikuwa na pua: alinusa kifaa kabla hajakifungua, akakuambia kilichoungua ndani. Na Onolina Mgaya, mwenye duka la vyombo sokoni, hakumsahau mteja. Kila aliyenunua kitu cha umeme kwake alimwandika kwenye daftari la garantii: jina, kijiji, namba ya simu.

Vipaji vitatu. Kimoja tu kingetosha.

Mwaka ule Tweve alileta mabirika ya umeme, mekundu, ya bati linalong'aa. Onolina aliyapanga rafuni yakapendwa siku ileile. Mzee Otmari Kabelege alitoka kijijini Kitandililo kwa miguu kuja kununua moja.

"Mke wangu kifua kinambana kwa moshi wa kuni," alimwambia Onolina. "Nataka asubuhi aamke akute maji yameshachemka. Nitamchemshia mwenyewe."

Onolina alilichomeka pale dukani, akamwonyesha. Mzee alicheka maji yalipoanza kuunguruma. Akalibeba kifuani, amelikumbatia kama mtoto.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Tweve alipata ujumbe kutoka kiwandani: baadhi ya mabirika, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haukufungwa. Maana yake, waya mwingine ukilegea na kugusa bati, birika zima linabeba umeme. Tweve alikaa na ujumbe ule siku kumi na mbili, akisema moyoni kwamba labda ni machache, labda si ya kwake. Siku ya kumi na tatu aliwaandikia wenye maduka wote: "Acheni kuuza birika jekundu, lina kasoro ndogo. Nitayachukua." Hilo neno "ndogo" aliliongeza yeye, watu wasitaharuki.

Onolina alisoma ujumbe akiwa anafungua duka. Hakungoja hata dakika. Aliyashusha mabirika kumi na moja yaliyobaki, akayafungia stoo, na mteja aliyekuja kuulizia akamwambia hayapo. Yaliyokwisha kuuzwa yalikuwa tisa. Daftari lilikuwa pale mezani, karibu na mkono wake. Aliliangalia. Kasoro ndogo, alijisemea, mwenye shida atarudi mwenyewe. Akaanza kufuta vumbi.

Aidani, naye, wiki ileile aliletewa mabirika mawili na watu wasiojuana, kila mmoja akilalamika kwamba linapiga shoti. Alinusa, akafungua, akaona waya wa ethi unaning'inia, yote mawili sawasawa. Akajua hilo si la bahati mbaya. Aliyafunga vizuri, akawaonya wenyewe wasiyashike kwa mikono iliyolowa. Duka la Onolina lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Lakini mwaka uliotangulia alikwenda kumweleza habari za pasi mbovu, Onolina akamjibu mbele ya watu, "Fundi, usiniharibie biashara." Safari hii alibaki kwenye kibanda chake.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Mzee Otmari alijaza maji, akachomeka birika, akatoka kumkatia ng'ombe majani. Mkewe alikuwa akiosha vyombo. Akalishika.

Mzee aliporudi na majani begani, alimkuta sakafuni, na maji bado yakitokota.

Baada ya mazishi, binti yao, Bertila, alilifunga birika ndani ya kitenge akampelekea Aidani.

"Nataka kujua baba alikosea wapi," alisema. "Watu wanasema mzee hakujua kuchomeka. Naye ameshaamini. Hali chakula, hasemi ila neno moja: 'Mimi ndiye niliyechomeka.'"

Aidani alilifungua. Waya wa ethi ulikuwa unaning'inia.

"Hili ni la tatu," alisema.

"La tatu?" Bertila aliuliza. "Kwa hiyo kulikuwa na la kwanza?"

Aidani hakuweza kumtazama. Alivuka naye barabara hadi kwa Onolina, akaeleza yote. Onolina alifungua daftari, na jina lile lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, na namba ya simu mbele yake. Alimwonyesha Bertila ujumbe wa Tweve. Kisha akakaa akawapigia wanunuzi wale wanane waliobaki, mmoja baada ya mwingine, na wote wakapokea. Mama mmoja alimwambia, "Mbona ndiyo kwanza nimelichomeka?" Onolina akampigia kelele asiliguse, azime swichi ya ukutani.

Alipomaliza aliitazama saa. Haikupita hata nusu saa.

Tangu dakika ile Onolina hakupata amani. Mteja akiuliza bei, yeye alimsikia mzee akicheka maji yalipoanza kuunguruma. Akifumba macho aliiona namba ile, tarakimu zote, akaikariri bila kutaka. Jikoni kwake alirudi kwenye kuchemsha chai kwa kuni, na hata hapo, sufuria ikianza kutokota, alitoka nje.

Tweve alipoitwa alikuja. Watatu hao walisimama na Bertila nje ya nyumba ya mzee, Kitandililo. Tweve alikuwa wa kwanza kusema.

"Dada, tuingie wote. Tumwombe radhi kwa pamoja."

"Hapana," alisema Bertila. "Mkiingia watatu mtagawana. Huyu atasema alitangaza, huyu atasema aliyatoa rafuni, huyu atasema alitengeneza. Kila mmoja ataondoka na kipande kidogo, na baba atabaki na lake zima. Hata kula hajala siku ya tano leo. Nataka mmoja aingie amwambie, 'Si wewe, mzee. Ni mimi.' Na asitaje mwingine. Na akishalisema hapa, akaliseme hadi polisi na sokoni, na alibebe kosa hilo maisha yake yote."



"Mimi nilijua kwanza," alisema Tweve taratibu, "lakini sikumjua mzee. Mama Onolina alikuwa na namba yake."

"Nilikuwa nayo," alisema Onolina. "Ila wewe uliniandikia ndogo. Aliyeona kwa macho kwamba si ndogo ni Aidani."

"Niliona," alisema Aidani. "Na yale yaliyopita mikononi mwangu hayajaua mtu. Mama, ungenisikiliza kuhusu zile pasi, ningevuka barabara."

Hakuna aliyesema uongo.  Onolina alitaka kupiga hatua, akaogopa kwamba akiingia, wenzake wawili watarudi kuagiza na kutengeneza kama jana. Akaogopa zaidi kwamba asipoingia, hataweza tena kumwandika mtu jina.

Kutoka ndani sauti iliyochoka iliita, "Bertila, nani yuko hapo nje?"

Bertila alifungua mlango akasimama kando. Kitandani, mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye mwanga, akingoja.

Aliyejua mapema akachelewa kusema. Aliyekuwa na jina akanyamaza nalo. Aliyeona kwa macho akashindwa kuvuka barabara. Mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia, na mzee anauliza kwa mara ya pili.

Haya, mimi nimenyamaza. Ninyi mngemwingiza nani?