Njia kwa Mkubwa, Mlango kwa Mdogo

Kaburi la mawe lilikuwapo kabla kijiji hakijawa kijiji. Lilikuwa pembeni mwa shamba, mawe mapana yamesimama bega kwa bega, na juu yake limelazwa jiwe moja kubwa kama paa la chumba. Wataalamu waliowahi kulichimba walisema limejengwa maelfu ya miaka iliyopita, na watu ambao hakuna ajuaye waliongea lugha gani. Upande wa nyuma lilikuwa limefunikwa na udongo na majani, hata mtu aliyelitazama kutoka barabarani angedhani ni kilima tu. Uzuri wake wote ulikuwa upande wa pili, ulikokuwa mlango.

Mwenye shamba alikuwa mzee mkarimu aliyewapokea wageni kwa mikono miwili na kuwasimulia habari za mawe hayo. Kabla hajafariki, aliligawa shamba kati ya binti zake wawili. Mkubwa, fundi cherehani, alipata upande wenye njia. Mdogo, fundi baiskeli, alipata upande wenye mlango. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika mgawo huo, maana ndugu hao walikuwa chanda na pete.

Ila alipofariki, siku ya mazishi mdogo alifika kaburi la baba yao limekwisha kufukiwa. Mkubwa, kwa uchungu, alimwambia mbele ya watu kwamba amekuja kurithi, hakuja kuzika. Jeraha la ulimi halina dawa. Mdogo aligeuka akaondoka. Wiki iliyofuata alichimbia nguzo na kuvuta seng'enge kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake, ikapita juu kabisa ya kile kilima cha mawe.

Tangu hapo wakawa maji na mafuta. Baiskeli ya mkubwa ilipopata pancha, aliikokota hadi kijiji cha mbali kuliko kuipeleka kwa mdogo wake. Mdogo naye alifanya kazi na ovaroli iliyochanika magotini, huku sauti ya cherehani ya dada yake ikimfikia kutwa nzima. Wageni wa kaburi la mawe waliingia kwa mkubwa, wakaona majani na udongo, wakaondoka wakinung'unika. Mwishowe waliacha kuja.

Asubuhi moja mkubwa alikuwa akipinda sketi za shule aliposikia hodi. Nje palikuwa na gari dogo lenye vumbi. Mzee mmoja, mwembamba kama ufito, alikuwa akihangaika kumshusha mkewe, mama mnene mwenye uso wa bashasha, na kumketisha kwenye kiti cha magurudumu. Mama huyo alijieleza bila kuzunguka. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu. Maisha yake yote alilichora kaburi lile ubaoni, lakini hakuwahi kulitia machoni. Sasa miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na daktari alikuwa amemkataza safari ndefu. Alimsikiliza daktari kwa adabu, kisha akamwambia mumewe awashe gari. Jioni ilibidi wawe wamerudi.

Mkubwa alitaka kumwambia kwamba mlango haufikiki. Lakini aibu ilimshika, akaona heri ampeleke alipoweza kumpeleka, akafungua geti na kukisukuma kiti.

Hawakufika mbali. Kwenye mwinuko gurudumu la mbele lilitumbukia kati ya mawe mawili, ekseli ikakatika, kiti kikalala upande. Walimdaka mwalimu kabla hajaanguka. Yeye wala hakushtuka sana. Alifuta vumbi kwenye kanga yake akauliza kama kijiji hicho hakina fundi baiskeli.

"Yupo," mkubwa akasema kwa sauti ya chini.

"Yuko mbali?"

Nyuma ya seng'enge nyundo ilisikika ikigonga chuma, ko, ko, ko.

"Hayuko mbali, Mwalimu. Tatizo ni kwamba ni mdogo wangu."

Mwalimu alimtazama. "Sasa mwanangu, hilo ni tatizo au ni bahati?"

Mkubwa alipiga moyo konde, akaisogelea seng'enge na kuita, "Mdogo wangu." Sauti ilitoka imekauka, kama ya mtu aliyeamka usingizini. Nyundo ilinyamaza.

Mdogo alikuja na koleo mkononi. Hakumsalimu dada yake, ila alimpa mgeni shikamoo ya heshima, akachuchumaa na kukikagua kiti kupitia kwenye nyaya. Alisema ekseli itabidi ichomelewe, na kazi hiyo ingechukua hadi alasiri. Mzee mwembamba alishusha pumzi. Alimshauri mkewe wangoje chini ya kivuli, kiti kikipona waende zao. Angalau mgongo wa kaburi wameuona.

"Mgongo hata ng'ombe anao," mwalimu akajibu. "Mimi nimekuja kuona uso." Alijaribu kucheka, lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Mdogo aliyaona machozi hayo. Alimtazama mgeni, akaitazama seng'enge aliyoivuta kwa mikono yake mwenyewe. Bila kusema lolote aliinua koleo na kuukata waya wa juu. Waya ulifyatuka kama nyoka. Alipoufikia wa pili, mkubwa alikuwa ameushika usije ukamrukia mgeni. Wa tatu nao aliushika.

"Uliukaza kweli waya huu," mkubwa akasema.

"Nilikuwa na hasira."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu mazishi. Kisha mdogo alinyoosha mikono. "Dada, shika hapa." Walishikana viganja na vifundo vya mikono, wakatengeneza kiti cha mikono, namna waliyozoea utotoni kuwabeba wenzao wakicheza. Mwalimu akawekwa juu, akawakumbatia shingo, safari ikaanza.

Hakuwa mwepesi. Jasho liliwatiririka. Mdogo aliuliza kama wapumzike. Mkubwa alimjibu kwamba wakimtua hapo hawatamwinua tena, na wote watatu wakashikwa na kicheko kilichokaribia kuwaangusha. Mzee alitangulia akisukuma miiba kando kwa fimbo. Mlangoni waliinama, wakaingia kiubavu, hatua kwa hatua, hadi wakamketisha juu ya jiwe laini ndani kabisa.

Ndani mlikuwa na ubaridi wa kupendeza. Mwanga uliingia kwenye upenyo mwembamba ukalala ukutani. Mwalimu aliweka kiganja juu ya jiwe, akalipapasa.

"Nimewadanganya watoto wa watu," akasema hatimaye. "Mlango huu miaka yote nimeuchora upande usio wake." Akacheka kwa furaha ya mtu aliyekosea akafurahi kusahihishwa, na mawe yakakirudisha kicheko chake.

Aliomba asimuliwe. Mkubwa alianza kama baba yao alivyokuwa akianza, kwamba jiwe la juu lilivutwa kwa kamba juu ya magogo. Mdogo alimkatiza: baba alisema walijenga tuta la udongo. Walibishana wee, mwisho wakagundua kwamba baba yao alimsimulia kila mmoja kivyake. Jambo moja hawakubishania, kwamba waliochimba walikuta mifupa ya wakubwa na wadogo imechanganyika, wasiweze kuitenganisha huyu na yule.

Hapo mdogo aliinamisha macho sakafuni.

"Nilipokuwa nakuja kumzika baba, daraja lilikuwa limebomoka, Dada. Basi lilirudi. Mimi nilivuka mto kwa miguu, nikatembea usiku kucha."

Mkubwa alimsogelea. "Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nisamehe, mdogo wangu." Akamvuta kifuani, na mdogo akalia kilio alichonyimwa siku ya mazishi.

Walipotoka nje na mzigo wao, majirani walikuwa wamejaa. Waliokuwa mashambani walikuwa wamewaona ndugu wale wakibeba kwa pamoja, wakaacha majembe na kukimbilia kushuhudia. Vigelegele vilipasua anga. Mwalimu alipunga mkono juu ya mabega ya ndugu wawili kama bingwa aliyetwaa kombe.

Kiti kilichomelewa, gari likaondoka alasiri ile ile. Seng'enge haikurudishwa. Majirani walisaidia kung'oa nguzo, njia ikasawazishwa hadi mlangoni ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Habari zilienea, wageni wakaanza kufika kwa makundi, wanafunzi na watu wazima. Mkubwa aliwapokea barabarani, mdogo akawaingiza ndani, na ubishi wao kuhusu kamba na tuta ukawa ndio unaowafurahisha wageni kuliko yote.

Mwalimu alikuja kutazama kaburi, akaacha undugu umefufuka. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.